Lipa Mia Sita Kwanza, Ndio Utoe Krismasi

Kabla hujaanza kutafuta kuku wa sikukuu, kaa hapa dakika chache nikuambie kitu kilichonipata Krismasi iliyopita. Si kitu cha kujivunia, na nimekaa nacho mwaka mzima nikijiuliza kama nitakisema.

Mnajua mimi hutengeneza vidio. Sasa Desemba ile kila mtu mtandaoni alikuwa anaposti vidio za kupeana zawadi. Huyu anampa soja jaketi, yule anamjazia mtu wa nduthi mafuta, mwingine anampa mama wa barabarani kikapu cha vyakula, muziki wa huzuni nyuma, watu wanalia. Nikajiambia, hata sisi Kakamega tuna watu wa kushukuru. Nikaenda supamaketi hapa mjini, nikanunua unga pakiti mbili, sukari kilo mbili, mafuta ya kupikia lita moja, majani chai na mkate. Kama elfu moja na kidogo hivi ikaisha. Nikampa binamu yangu simu ashike, nikamwita mama anayenifulia nguo.

Akaja akipangusa mikono kwa leso, povu bado liko kwenye viwiko. Nikampa ile mifuko, nikasema maneno matamu niliyokuwa nimeyapanga. Akacheka, akashika mifuko kwa mikono miwili, akasema, "Orio muno, kijana wangu. Mungu akuongeze." Binamu yangu akazima simu. Vidio safi kabisa, mara moja tu, hakuna kurudia.

Mama akangoja binamu aingie ndani. Halafu akasogea karibu, sauti chini, kama mtu anayeomba msamaha:

"Sasa ile mia sita?"

Nilikuwa na deni lake. Nguo za mara mbili, mia tatu mia tatu, tangu Novemba. Nilikuwa nimemwambia "nitakutumia" mpaka neno lenyewe likachoka. Na pesa nilizokuwa nazo ndizo zilikuwa zimegeuka unga na sukari kwa ajili ya vidio.

"Nilikuwa nimeihesabu kwa nauli," akasema. "Mimi na watoto wawili, twende Butere kwa mama yangu. Matatu haitapokea unga, mtoto wangu."

Nikamwambia kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Nilimtumia tarehe 27, Krismasi imeshapita. Na vidio nikaposti jioni ile ile, hiyo sikuchelewesha. Ikapendwa. Watu wakaandika "Mungu akubariki kaka", "huu ndio utu", "vijana wa magharibi wana roho safi". Nikasoma zote nikitabasamu.

Kilichoniumiza zaidi nilikuja kujua Januari. Baada ya kuona mia sita haifiki, mama alienda kwa mama mboga wa pale kwetu getini akope nauli. Mama mboga alikuwa ameona vidio. Ploti nzima ilikuwa imeona. Akamuuliza, si kwa ubaya, lakini mbele ya watu, "Mbona unakopa na juzi tumeona ukipewa?" Yule mama hakujibu. Angejibu nini? Aseme yule kijana mwenye roho safi ana deni langu? Akanyamaza, akarudi nyumbani, Krismasi akaifanyia hapa hapa mjini na watoto wake.

Nilifuta vidio. Lakini unajua vile kufuta ni kwa mtandaoni tu.

Kwa hivyo leo nataka tuongee kuhusu hii mambo ya Krismasi ya watu wanaotuhudumia. Wewe unajua ninachosema. Kuanzia Desemba inagonga, kila mtu anakuuliza, "Krismasi yangu iko wapi?" Mtu wa nduthi anauliza. Soja anauliza huku akifungua geti polepole kuliko kawaida. Kijana wa taka anauliza. Kinyozi anauliza akiwa ameshika wembe karibu na shingo yako, na hapo lazima ujibu vizuri. Wengine wanauliza kwa mzaha, wengine wanamaanisha, na wengi wanachanganya yote mawili ili ukikataa wasiaibike.

Na sisi tunaoulizwa tumegawanyika. Kuna wale wanasema hiyo ni kuombaomba, mtu amelipwa kazi yake basi. Kuna wale wanatoa kwa kila mtu mpaka wanafika Januari wakikopa unga. Na kuna wale wa aina yangu ya mwaka jana, wanaotoa panapoonekana na kusahau pasipoonekana.

Mimi maoni yangu sasa ni haya: Krismasi ya mtu inaanzia kwenye deni lake. Kama hujamlipa, hicho unachompa si zawadi. Ni pesa yake mwenyewe unamrudishia ikiwa imebadilishwa sura, tena bila kumuuliza kama ndivyo angependa kuitumia. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na sote tunaipenda hiyo Desemba. Lakini hao hao walisema dawa ya deni ni kulipa. Hakuna mahali walisema dawa ya deni ni sukari kilo mbili.

Hata sheria yetu inalijua hilo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mwajiri amlipe mfanyakazi mshahara wake wote kwa pesa za Kenya. Najua mama wa nguo anayekuja mara moja kwa wiki si sawasawa na mtu uliyemwandika kazi kwa mwezi. Lakini maana yake inaeleweka na kila mtu: jasho la mtu lina bei, na bei hiyo hailipwi kwa vitu ulivyochagua wewe.

Kuna kitu kilinishangaza nikisoma kuhusu hii siku ya tarehe 26, Boxing Day. Wengi wetu tukiwa wadogo tulidhani ni siku ya ndondi, na kusema ukweli vile watu hunywa busaa, ndondi pia hupatikana. Kumbe jina hilo mara nyingi huhusishwa na visanduku vya Krismasi kule Uingereza. Vijana wa kazi walikuwa na kisanduku, na wateja wakitia chochote cha shukrani ya mwaka. Kuna bwana mmoja wa London, Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeandika shajara yake karibu kila siku. Desemba ya mwaka 1663 anaandika kwamba alipita kwa fundi wake wa viatu, akalipa yote aliyokuwa anadaiwa pale, halafu akatia kitu kwenye kisanduku cha vijana. Angalia mpangilio wake. Deni kwanza, kisanduku baadaye. Mtu wa miaka zaidi ya 350 iliyopita alikuwa ameelewa kitu ambacho mimi nilihitaji mama wa watu akose nauli ndio nielewe.

Na hatuhitaji kwenda mpaka London. Ndugu zetu Waislamu, kuanzia Mombasa mpaka hapa Mumias, wana mkono wa Idi. Mtoto anasalimia, anapewa chake mkononi. Mkononi, si kwenye kamera. Na sisi huku magharibi tuna imondo. Mgeni wa heshima akichinjiwa kuku, akaletewa sahani imejaa, halafu imondo haimo, huyo kuku ameharibika. Nyama iko, mchuzi uko, ugali unatoa moshi, lakini mgeni atarudi kwao akisema hakuheshimiwa. Imondo ni kipande kidogo, hakishibishi mtu. Kinachohesabiwa ni kwamba ulimkumbuka yeye ni nani. Mimi mwaka jana nilimletea mama wa watu sahani kubwa, imondo nikaila mwenyewe mtandaoni.

Sasa tuingie kwenye mambo ya kila siku, kwa sababu najua swali lako ni moja: nimpe nani, na nimpe ngapi?

Tuanze na dada wa kazi au mtu yeyote uliyemwajiri kabisa. Huyo ni mfanyakazi wako. Kenya hakuna sheria inayokulazimisha kumlipa mshahara wa mwezi wa kumi na tatu, tofauti na Ufilipino ambako ulianza kuwa sheria mwaka 1975. Huku kwetu ni hiari. Lakini likizo si hiari. Sheria ile ile ya 2007 inampa angalau siku 21 za likizo yenye malipo kila baada ya miezi kumi na miwili ya kazi. Na kuna watu, tena watu wa kanisa, wanampa dada kitenge kipya tarehe 24 halafu anapikia wageni wao mpaka mwaka mpya, na watoto wake mwenyewe wako kwa nyanya yao wakiuliza mama anakuja lini. Huyo dada ukimuuliza, angebadilisha kitenge na siku tano nyumbani bila kufikiria mara mbili. Mpe mshahara wake mapema, mpe nauli, mwache aende. Ukiwa na cha kuongeza, ongeza.

Mama wa nguo, mtu wa shamba, yeyote anayekuja kwa siku: mimi nimejiwekea kipimo rahisi. Malipo ya siku moja zaidi. Kama humlipa mia tatu, mpe mia tatu nyingine juu. Ni kiasi ambacho hata sisi wa kipato cha kubahatisha tunaweza, na yeye anaelewa maana yake mara moja: siku moja umempumzisha.

Soja wa ploti ni mtu wa wote, kwa hivyo msiachiane. Kwetu kila mtu alikuwa anadhani jirani amempa, na soja anaishia na soda mbili na kipande cha keki. Mkiwa nyumba kumi na mbili, kila nyumba ikitoa mia moja, hiyo ni elfu moja na mia mbili. Hakuna aliyeumia, na yeye amepata kitu cha kubeba nyumbani. Mtu mmoja achukue jukumu la kukusanya. Na kama ploti yenu inachangishana mshahara wake, hakikisheni kwanza hakuna nyumba yenye deni la miezi miwili. Msimnunulie mtu keki mkiwa mmekalia mshahara wake.

Mtu wa nduthi: si wote. Lurambi pekee wamejaa, huwezi kuwapa Krismasi kila anayekuita "mteja". Lakini kuna yule mmoja. Yule anayekuja saa kumi na moja asubuhi mvua ikinyesha, na mnajua mvua ya Kakamega haina mzaha. Yule aliyekubeba ukiwa mgonjwa akakuambia utalipa ukipona. Huyo mpe nauli ya safari mbili tatu juu ya ile ya siku. Tena mpe ukiwa unashuka, mwambie waziwazi hiyo ni ya Krismasi, asije akahangaika kutafuta chenji.

Kijana wa taka watu humsahau kwa sababu hupita wakati tumelala au tumeenda kazini. Mpe hata kama ni mia. Lakini pia usimwekee chupa zilizovunjika ndani ya gunia bila kumwambia. Hiyo ni Krismasi ya mwaka mzima na haina gharama.

Mama mboga ni hadithi tofauti. Mama mboga humpi Krismasi, mama mboga unamlipa daftari. Wengi wetu tuna ukurasa wetu pale. Sukuma ya ishirini, nyanya ya thelathini, "nitakuletea jioni". Nenda, mwambie afungue, lipa yote, aukate huo ukurasa ukiona. Halafu nunua vitunguu bila kubishania shilingi tano. Nakuambia atafurahi kuliko ungemletea kikapu chenye utepe.

Matatu? Wacha tusidanganyane. Nauli ya kutoka Nairobi ikishapanda mara mbili, hiyo Krismasi wameshajichukulia wenyewe.

Halafu kuna wale ambao hawapaswi kupewa, na hapa lazima tuwe makini kwa sababu lugha yetu inatuchanganya. Tuna neno chai. Chai ya asante ni chai, na chai ya kupitishiwa faili pia ni chai. Mimi hujiuliza swali moja: huyu mtu nisipompa, ana uwezo wa kuninyima kitu ambacho tayari ni haki yangu? Askari wa barabarani, karani anayeshika muhuri, mtu anayepanga foleni ya ofisi ya serikali. Jibu likiwa ndiyo, hiyo si Krismasi hata kama ni tarehe 24 na amevaa kofia nyekundu. Hilo ni jambo la Sheria ya Hongo ya 2016, na kofia haibadilishi kitu.

Kuhusu wakati: toa mapema. Mtu akipewa tarehe 24 jioni, maduka yamejaa, bei ya kuku imepanda, nauli imepanda. Elfu moja ya tarehe 15 na elfu moja ya tarehe 24 hazinunui vitu sawa. Na kama huwezi Desemba, usiogope kutoa Januari. Tunaiita Njaanuari na hatutanii. Shule zinafunguliwa, kila mtu anatafuta pesa ya sare na vitabu, na hakuna anayesema heri ya sikukuu tena. Mia mbili ya katikati ya Januari mtu anaikumbuka mpaka Pasaka.

Kuhusu simu, sasa. Hapa najiongelesha mimi kwanza. Unaweza kusema, lakini vidio inahamasisha wengine watoe. Nilisema hivyo pia. Lakini jiulize, yule mama angeweza kukataa kurekodiwa? Mifuko iko mbele yake, mimi ndiye namlipa, nina deni lake. Akisema hapana, anahatarisha mia sita na kazi. Alicheka, ndiyo. Mtu yeyote angecheka. Kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ambayo inahusu picha za watu, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Lakini hata ungepata idhini iliyoandikwa na kutiwa sahihi, bado kuna mama mboga getini. Ukimwonyesha mtu akipokea, umetangaza kwa majirani zake na wanaomdai kwamba ana kitu. Wewe unalala ukihesabu laiki, yeye anaamka akieleza watu.

Na kama huna? Wengi wetu hatuna. Kuna Desemba ambazo hata mimi nimekula Krismasi kwa watu. Hakuna aibu hapo. Mwambie mtu ukweli: "Mama, mwaka huu sina cha kuongeza, lakini malipo yako yote haya hapa." Sijawahi kuona mtu akikasirikia maneno hayo. Wanaokasirisha watu ni sisi wa "nitakutumia".

Mwaka huu nilienda kwa yule mama mapema, tarehe za kwanza kwanza za Desemba. Sikuwa na deni, nilikuwa nimejifunza, namlipa nguo zikiwa bado kwenye kamba. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: angependa nini? Akaniangalia kama anayetafuta simu imefichwa wapi. Hilo nilistahili. Halafu akasema, "Nipe tu kabla nauli haijapanda."

Nilimpa siku hiyo hiyo. Tarehe 20 akanipigia akiwa Butere, watoto wanapiga kelele nyuma, akaniambia mama yake ananisalimia. Nguo zangu za wiki hii nimejifulia mwenyewe, na kola za shati hazijatakata vizuri, sitaficha.

Sasa wewe, kabla hujaniandikia utampa nani nini, fungua M-Pesa yako, halafu kumbuka daftari la mama mboga. Uliza deni ni la nani. Anza na huyo leo, kuku atangoja.